Namna ya Kumchora Mkungu, na Yaliyotokea Kibanjani kwa Ma Paskazia

Waliokuwepo asubuhi ile uani kwa Ma Paskazia, hapa Nyakasimbi, nitawataja mmoja mmoja asije akasahaulika mtu. Alikuwepo Ma Paskazia mwenyewe, mjane wa marehemu Kristiani, rafiki yangu tangu usichana na mama wa ubatizo wa mwanangu wa tatu. Alikuwepo Ta Deogratias, mdogo wake marehemu, yaani shemeji yake Paskazia. Kibanja chake na cha shemeji yake vinatenganishwa na mstari wa mlamula tu, ule mmea tunaoupanda mpakani. Alikuwepo Mwalimu Edina, binti wa dada yangu Valeria. Alikuwepo Bwana Fortunatus, bwana shamba wetu, mtu wa Muleba aliyeoa huku. Alikuwepo mjukuu wangu Anselimu, mtoto wa mwanangu Gerazi, kiongozi wa vijana wa kigango. Na nilikuwepo mimi, Leokadia, nimekaa mwisho wa benchi, kwa sababu jambo lililotukusanya lilianzia kwenye penseli yangu.

Tulikuwa tumekuja kumwambia Ma Paskazia kwamba huenda kibanja chake kinakufa.

Alikuwa amerudi jana yake kutoka Nyakahanga, hospitalini, alikokuwa akimuuguza binti yake Sabina aliyejifungua kwa kupasuliwa na kidonda kikachelewa kufunga. Hakujua lolote. Na kibanja kile, migomba na kahawa kuizunguka nyumba, ndicho pekee alichoachiwa na Kristiani. Hana ng'ombe, hana duka, hana mtoto wa kumtumia kitu kila mwezi. Kibanja kikifa, Paskazia anakuwa mtu wa kuombea ndizi kwa majirani, na yeye si mwanamke wa kuomba.

Sasa ninyi vijana wa Kiruruma mnaojifunza kuchora kwa Mwalimu Edina, mmeniomba niwaandikie jinsi mtu anayeanza anavyoweza kuchora shujaa wa katuni, yule mwenye kifua na vazi linalopepea. Mnajiuliza migomba inaingiaje. Ngojeni. Mimi nikifundisha bila kusimulia mkono unakataa.

Shule niliachia darasa la tatu, mama alipougua. Nilipoolewa nilikuwa najua kusiliba ukuta na kuupamba kwa masizi na udongo mweupe, kwa vidole, kama walivyofanya wanawake wote wa rika langu. Siku moja palikuwa na harusi kwetu, akaja Ta Zakaria, aliyekuwa akiandika mabango ya maduka kule Kayanga. Akasimama kuutazama ukuta wangu mpaka pombe ikamwagika kwenye kiatu. Akamwambia mume wangu, marehemu Kamugisha, kwamba anataka nikamkorogee rangi. Kamugisha akamjibu kuwa akinichukua mimi amchukue na mama mkwe. Walicheka, wakakubaliana, na Jumatatu nikaenda kwa miguu. Mama mkwe alibaki.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa bango la bucha la Ta Silvesta. Alitaka mbuzi. Nikachora mbuzi mzuri, pembe zimekaa, ndevu zimekaa, nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Baada ya wiki Ta Silvesta akaja analalamika kwamba wateja wakifika mlangoni wanasita. Ta Zakaria akaenda kuangalia. Akavuta kiko, akasema, "Leokadia, huyu mbuzi ameshaambiwa."

Kweli. Nilikuwa nimempandisha nyusi upande wa ndani, na mnyama yeyote, hata binadamu, nyusi zikipanda katikati anakuwa kama amepata habari ya msiba. Ta Zakaria akachovya brashi, akazishusha nyusi mara mbili tu, tap, tap, na mbuzi akawa wa kawaida, hana habari. Nyama ikauzwa. Kwa hiyo kwenye katuni anzeni kujifunza nyusi kabla ya macho. Nyusi zikishuka katikati, ana hasira au amekaza nia. Zikipanda zote mbili, ameshangaa. Moja juu moja chini, hamwamini anayezungumza naye. Mdomo unaweza kuuacha mstari mtupu na msomaji ataelewa.

Somo la pili la Ta Zakaria lilinipa maumivu ya shingo. Nilichora kwenye ukuta wa kilabu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, mwanamume amebeba ndizi kichwani. Akaniuliza kama zile ndizi ni za karatasi. Sikuelewa. Akanitwisha mkungu mzima wa ndizi za pombe, akaniambia nizunguke duka mpaka nijue uzito unapita wapi. Niliujua. Unashuka shingoni, unakuja kiunoni, kiuno kinasukumwa pembeni, na mguu mmoja unabeba zaidi ya mwingine. Nikaenda kumchora upya yule mtu, na wanywaji wakaanza kumpa pole. Mpaka leo nikimwona shujaa wa mtoto aliyechorwa ameinua gari huku amesimama kama mlingoti, shingo inaniuma kwa niaba yake.

Miaka ikaenda. Mabango ya mashine yakafika Kayanga, ya plastiki, yenye picha za kupigwa, yanatoka wakati mteja anakunywa chai. Ta Zakaria alikuwa amekwisha kufariki, namshukuru Mungu hakuyaona. Mimi nilifunga makopo ya rangi, goti nalo lilikuwa limeshakataa ngazi, nikarudi kulima. Nilidhani nimestaafu. Ndipo Mwalimu Edina akaja na karatasi za manila na penseli, akasema chama chao cha akina mama kinataka kutengeneza kijitabu cha katuni cha kuwafundisha watoto na vijana kutunza migomba, maana mnyauko, ule ugonjwa unaoua migomba, ulikuwa umesikika upande wa Nkwenda, kule Kyerwa, na ulikuwa unasogea. Tungechora, tungepeleka Kayanga kutoa fotokopi, tungepiga pini wenyewe. Alitaka shujaa. Nikamwuliza shujaa wa namna gani. Akasema, yule anayeruka, Mama mdogo, watoto hawataki mwingine.

Basi shikeni penseli.

Msianze na uso. Ninyi wote mnaanza na uso, mnamaliza kope vizuri kabisa, halafu karatasi inakwisha na miguu haina pa kukaa. Anza na mstari mmoja uliopinda kama mgomba uliolemewa. Huo ni mgongo wake. Mstari ukiwa wima, umechora askari wa getini. Ukipinda, tayari kuna mahali anakwenda. Juu ya mstari weka yai, ndicho kichwa. Chini ya yai weka ndoo, pana juu na nyembamba chini, ndicho kifua. Chini ya ndoo weka kikombe kilichofunikwa, ndicho kiuno, na uache nafasi kati ya ndoo na kikombe, la sivyo hataweza kupinda. Mikono na miguu ni mihogo: minene katikati, myembamba kwenye viungo. Ngumi usiianze kwa vidole. Chora kwanza boksi la kiberiti, halafu uligawe, kama unavyoona kichane cha ndizi kimeshikana kabla hujakitenganisha.

Urefu wake, pima kwa kichwa chake mwenyewe. Mtu wa kweli ni kama vichwa saba. Katuni inapenda kichwa kikubwa, mimi wangu nilimpa vitano. Ukimpa vitatu anakuwa mtoto mchanga mwenye misuli, na hiyo inatisha.

Penseli iende polepole, kama unamkuna mtoto aliyesinzia, maana nusu ya mistari utaifuta. Ukiridhika ndipo upitishe wino: mstari wa nje mnene, wa ndani mwembamba. Ukitaka kujua kama ameiva, chukua karatasi nyingine, mchore tena halafu umjaze mweusi mwili mzima, kama kivuli. Mweke mlangoni, simama mbali. Kama bado unamtambua ni nani na anafanya nini, endelea. Kama unaona jiwe, rudi kwenye mstari wa mgongo.

Vazi la mgongoni lilitusumbua. Mwalimu Edina alitaka kitambaa chekundu. Nikamwambia kitambaa katika fotokopi ni doa jeusi tu. Nikampa jani la mgomba, lile lililochanwa na upepo. Hapo niligundua kitu nawapa bure: jani lililochanika linaonyesha mwendo kuliko mistari yote ya upepo. Zile nyuzi zikielekea nyuma, anakimbia. Zikielekea juu, anashuka. Zikining'inia, amechoka. Tukampa jina Mkungu.

Maneno aliyaandika Edina, herufi zangu ni za darasa la tatu. Yeye aliandika kwanza, mimi nikayazungushia povu baadaye. Msichore povu tupu halafu mkaanza kusukumia maneno ndani, yatajazana kama senene kwenye chupa.

Ukurasa wa tatu ndio uliopendwa. Mkungu yuko angani, panga mkononi, jani linapepea. Chini kuna vibanja vinne. Kisanduku cha kwanza anashuka kwa bibi mmoja, anakata ua la mgomba, lile linaloning'inia chini ya ndizi kama moyo wa ng'ombe, kwa sababu wadudu wanaobeba mnyauko hupenda kutua pale. Cha pili, anaruka juu ya mpaka kwenda kibanja kingine, anakata. Cha tatu, anakata. Cha nne, akina bibi wanapiga makofi. Tulikaa na ukurasa ule Mwalimu Edina, mimi na akina mama wote wa chama, na kila mmoja akausifia. Bwana Fortunatus alikuwa safarini Bukoba. Tulipeleka Kayanga.

Vijana wa kigango waliupenda kuliko tulivyotarajia. Anselimu na wenzake walijifunga majani ya migomba mgongoni, kwanza kwa mzaha, halafu wakasema wanaanza kweli. Wakapita kwa wazee na wajane kukata maua ya migomba bure, panga moja, wakibadilishana. Walianza kwangu. Nilisimama mlangoni nimefurahi hadi machozi, nikawapikia. Padre aliwataja kanisani. Kutoka kwangu walishuka bondeni kwa Ta Anatori, kutoka kwa Ta Anatori wakapanda kwa Ta Deogratias. Hapo Anselimu aliitwa na baba yake kuanua kahawa kabla ya mvua, akawaachia panga Joashi na Feliksi waende kwa Ma Paskazia. Jioni wakarudi wakasema kwa Ma Paskazia tumemaliza.

Siku chache baadaye Paskazia aliitwa haraka Nyakahanga kwa ajili ya Sabina, akapanda bodaboda na kikapu chake. Na Bwana Fortunatus akarudi kutoka Bukoba.

Edina alimletea kijitabu kwa fahari. Mimi nilikuwepo, tulikuwa kwangu. Akafungua ukurasa wa kwanza akacheka, wa pili akacheka. Wa tatu hakucheka. Aliushika muda mrefu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza, akakipeleka cha pili, akakipeleka cha tatu.

"Bibi," akaniambia, "huyu akitoka kibanja hiki kwenda hiki, panga lake linapita wapi kwenye moto?"

Nikamjibu kwamba anaruka.

"Basi Bibi, huyo ndiye mnyauko wenyewe."

Akatueleza kwa upole, sisahau upole wake. Ugonjwa ule unakaa kwenye utomvu. Panga likikata mgomba mgonjwa, hata kama bado hauonyeshi, halafu likakata mzima bila kuchomwa, umeupanda kwa mkono wako. Ua linapaswa kuvunjwa kwa mti wenye panda, unalikamata, unalizungusha, linakatika, chuma hakigusi. Na ukitumia panga, kila shina moto, kila shina moto. Haya wengi tulikuwa tumewahi kuyasikia, yalikuwa yametangazwa. Lakini sisi tuliokaa mezani tulikuwa tunamtazama shujaa, hatukuwa tunalitazama panga. Mtu akishachorwa vizuri angani unaacha kumwuliza maswali.

Anselimu alipoitwa akataja njia waliyopita, na Bwana Fortunatus akainuka hapohapo kwenda kwa Ta Anatori. Bondeni, nyuma ya choo, kulikuwa na shina limeanza kulegea majani. Ndizi zake zilikuwa zimeanza kuiva kabla ya siku zake, na ukizikata ndani ni kahawia. Bado hakuna aliyekuwa ameliona. Kwangu palikuwa salama, kwa sababu walianzia kwangu kabla ya kufika kwake. Lakini baadaye majani yakageuka manjano kwa Ta Deogratias pia, tena upande wa mlamula, upande wa Paskazia. Aling'oa mashina kadhaa. Aling'oa mwenyewe, akafukia, na hakunisema vibaya, ingawa alikuwa haniangalii.

Kwa Paskazia hakuna aliyeingia. Kwetu hapa kibanja cha mjane hakiingiwi mwenyewe akiwa hayupo, na Ta Deogratias ndiye wa mwisho kuthubutu, kwa sababu tangu mazishi ya Kristiani yeye na shemeji yake hawakuwa wakizungumza. Deogratias alikuwa amesema kitu kuhusu mpaka, mbele ya watu, wakati udongo wa kaburi haujakauka. Kwa hiyo tulitazama kutoka njiani. Majani yalionekana ya kijani, lakini Bwana Fortunatus alisema mgomba unaweza kuficha. Na maua hayakuwepo. Kila mkungu tuliouona kutoka njiani ulikuwa umeondolewa ua lake. Basi tukaamini panga lilipita.

Kumpigia simu hospitalini tulikataa. Mtu anauguza, utamwambia kibanja chako nadhani nimekiua kwa penseli?

Wiki zile za kungoja nilimchora Mkungu upya. Hii ndiyo sehemu ngumu ya somo, sikilizeni. Shujaa anayeruka anajichora mwenyewe. Shujaa anayesimama mahali pamoja kuchoma panga motoni ndiye kazi. Nilichora mara nyingi, anaonekana mpishi. Mwishowe nikakumbuka uzito wa Ta Zakaria. Nikamshusha kiuno, nikampindisha mgongo kuelekea kwenye moto, nikaweka mwanga upande mmoja wa uso na upande mwingine mweusi mtupu, jani la mgongoni limetulia halipepei. Nyusi chini. Nyuma yake migomba mingi inangoja. Anselimu alipoiona akauliza ni nini kinataka kutokea. Nikajua imekaa. Msomaji akiuliza hivyo, umefaulu, hata kama hakuna anayeruka. Panga nikaliacha limelala motoni, na mkononi nikampa mti wenye panda, mrefu kuliko yeye.

Lakini moyo haukutulia. Nilikuwa nikipika namwona Paskazia anarudi. Nikisali namwona. Hatimaye alirudi kweli, na sisi tukaenda asubuhi yake, wale niliowataja.

Alitupokea vizuri, tukaamkiana, vijana wakatoa shikamoo, akaleta mabenchi. Sabina anaendelea vizuri, mtoto ni wa kike, jina Leokadia. Aliposema jina hilo nilitamani benchi linimeze.

Ta Deogratias ndiye aliyepaswa kuanza, kama mkubwa wa upande wa mume. Akaanza kwa mbali. Akasema ukoo, akasema ardhi, akasema Mungu hutoa. Ma Paskazia akamwangalia.

"Shemeji, aliyekufa ni nani?"

Bwana Fortunatus akamsaidia. Akaeleza yote, kitabu, vijana, panga, Ta Anatori, mashina ya mpakani. Paskazia alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, nikayasahau yote. Bwana Fortunatus alipomaliza, Paskazia alikuwa anawatazama kuku wanaopekua.

"Vijana gani walikata kwangu?" akauliza.

"Joashi na Feliksi, Bibi," Anselimu akajibu. "Walisema wamemaliza."

"Wamemaliza nini? Niliwafukuza."

Sote tukamgeukia Anselimu.

"Niliwafukuza pale mlangoni kwa ufagio. Feliksi aliacha ndala moja, ipo, nimeihifadhi."

Mwalimu Edina akamwuliza, basi maua ya migomba yaliondolewa na nani.

"Na mimi. Kwa nini?"

"Kwa panga gani, waitu mama?" Bwana Fortunatus alikuwa amesimama tayari.

"Panga la nini? Mimi mwanamke." Akamtazama kama anayemtazama mtoto. "Panga la kibanja ni la mwanamume, ndivyo tulivyokuta. Mwanamume wa nyumba hii amelala pale." Akaonyesha kaburi la Kristiani katikati ya migomba. "Na huyu mwingine nilikuwa sisemi naye. Nikachukua mti wangu wa kuangushia parachichi, wenye panda. Unakamata, unazungusha, linaanguka. Miaka yote tangu Kristiani afe nafanya hivyo. Nilikuwa naona aibu watu wakijua kwamba sina wa kunishikia panga."

Bwana Fortunatus akakaa tena. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini basi aliwafukuza vijana, kwani walikuja kusaidia.

Akanigeukia. "Wewe Leokadia ndiye wa kuniuliza? Walikuja na kitabu chako. Wakanionyesha picha, wakasema, Bibi, sisi ni watu wa huyu. Nikamtazama. Deogratias! Deogratias mtupu, na taya lake, na lile pengo la meno, amevaa jani, anaruka juu ya mlamula kuingia kwangu na panga. Nikasema, kumbe sasa anatuma na watoto."

Kijitabu kilikuwa mkononi mwa Edina. Ta Deogratias akanyoosha mkono, akapewa. Akakisogeza mbali na macho, kama sisi wazee tunavyofanya, akautazama ukurasa wa tatu. Kisha nikamwona mkono wake unapanda taratibu mpaka kwenye kidevu, unakishika.

"Huyu ni mimi?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu alipong'oa mashina yake.

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Nilitaka taya pana la shujaa, na mkono ukaenda kulichukua mahali ulikoliona kila Jumapili, benchi la mbele yangu.

"Sisi tulijua siku zote, Babu," Anselimu akasema. Edina akaanza kucheka, akaziba mdomo, haikusaidia.

Vijana, hilo nalo liandikeni. Kabla hujapitisha wino, mwonyeshe mtu uso wa shujaa wako, umwulize anamfahamu ni nani. Akitaja jina, futa. Chukua pua kwa mmoja, sikio kwa mwingine, kidevu kwa mtu wa kijiji cha mbali.

Lakini kucheka hakutoshi. Mashina ya mpakani yalikuwa yameugua, na wadudu hawajui mlamula. Bwana Fortunatus akaomba ruhusa ya kuingia, Paskazia akampa. Aliwasha moto pembeni, akachoma kisu chake, akaingia. Sisi tulibaki uani. Paskazia naye alibaki, na sasa ndipo hofu ilipompata. Alikuwa amekaa ameshika nguzo ya jiko, macho yanamfuata yule mtu shina kwa shina, anapotea nyuma ya majani, anatokea. Alirudi motoni, akachoma, akaenda tena upande wa mlamula, akakaa huko. Ta Deogratias alikuwa amesimama, kofia mkononi.

Alipotoka alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali.

"Kizima," akasema. "Mchunge huu upande, nitakuwa napita. Lakini kizima."

Paskazia akashuka chini, hapo hapo kwenye vumbi, miguu mbele kama mtoto. Nilipotaka kumwinua akaniambia nimwache, anapumzika. Nikakaa naye. Nilihisi mabega yangu yanashuka mahali yalipokuwa zamani, kabla ya kijitabu.

Baadaye akainua kichwa akamwambia shemeji yake kwamba wageni hawa hawajala, na kwamba pale nyuma ya kaburi kuna mkungu umekomaa, akaukate. Alimwambia yeye. Tangu mazishi mpaka asubuhi ile hakuwa amemwambia hata neno "kaa". Ta Deogratias akalichomoa panga la Kristiani lililokuwa limechomekwa ukutani, lina kutu, akatembea hatua chache kuelekea migombani. Akasimama. Akarudi, akamwambia Anselimu alete moto.

Tulikula pale mchana ule, ndizi na maharage, na parachichi.

Sasa mimi ni mzee, kichwa changu ni kama chungu chenye ufa. Kama kuna jina nimelikosea, au kama waliotumwa kwa Paskazia hawakuwa Joashi na Feliksi bali Joashi na ndugu yake, njooni mniambie, nitasahihisha kwa mkono wangu. Edina anasema benchi langu kanisani ni la nyuma ya Ta Anatori na si la nyuma ya Ta Deogratias, naye Paskazia anadai ndala ilikuwa ya Joashi. Yote hayo nisahihisheni. Lakini lile la Bwana Fortunatus kutoka migombani na kusema kizima, hilo msiniguse, maana nililisikia kwa masikio yangu yote mawili.